Mezani Mpakani: Unalipia Nini kwa Wafaransa na Waitalia?

Ukitoka katikati ya mji wa Menton, kona ya mwisho ya kusini mashariki mwa Ufaransa, ukashika barabara ya Italia huku Bahari ya Mediterania ikiwa mkono wako wa kulia, mji unakwisha ghafla. Mbele kuna kituo cha mpakani cha Saint-Louis, na ng'ambo yake ni Italia. Hatua chache kabla ya kituo hicho, juu ya mteremko wenye bustani za ngazi ngazi, ndipo ulipo mgahawa wa Mirazur. Mwaka 2019 kitabu cha Michelin, kinachopima migahawa kwa nyota, kiliupa nyota ya tatu, daraja la juu kabisa, na miezi michache baadaye ukatajwa wa kwanza katika orodha ya migahawa 50 bora duniani. Mlo mmoja wa pale, kabla hujaagiza hata glasi ya kinywaji, unazidi yuro 300 kwa mtu mmoja.

Mwenye mgahawa huo, Mauro Colagreco, alizaliwa La Plata, Argentina, katika ukoo wenye asili ya Italia. Upishi mkubwa aliusomea katika majiko ya Ufaransa, na mwaka 2006 akafungua Mirazur. Alipoipata ile nyota ya tatu alikuwa mpishi wa kwanza asiye Mfaransa kufikia daraja hilo ndani ya Ufaransa. Malimau yake ni ya Menton, kamba wekundu ni wa Sanremo upande wa Italia, na soko la Ventimiglia, mji wa kwanza ukivuka mpaka, analijua vizuri kama soko la mjini kwake. Ukimuuliza kama chakula chake ni cha Kifaransa au cha Kiitalia, jibu rahisi hulipati.

Kwa msomaji wa huku kwetu, swali la kwanza huwa lingine: kuna nini katika sahani hiyo hata igharimu mshahara wa watu wengi wa mwezi mzima? Watu wengi hujibu kwamba ni anasa tu, matajiri wananunua jina. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Sehemu kubwa ya bei hiyo inalipia vitu visivyoonekana mezani, na Wafaransa na Waitalia wanatofautiana juu ya vitu hivyo ni vipi. Mfaransa anakulipisha mikono iliyofanya kazi jikoni. Mwitalia anakulipisha miaka iliyopita kabla chakula hakijafika jikoni. Hapa mpakani, ambako mila hizo mbili zinakutana, ni rahisi kuziona zote.

Mpaka ulihama, chungu kikabaki

Auguste Escoffier, mtu anayehesabiwa kuwa baba wa upishi wa kisasa wa Kifaransa, alizaliwa mwaka 1846 katika kijiji cha Villeneuve-Loubet, upande wa magharibi wa mto Var. Wakati huo mto Var ndio uliokuwa mpaka. Mwaka 1859, akiwa na miaka 13, alipelekwa Nice kwa baba yake mdogo aliyekuwa na mgahawa, ajifunze kazi. Mgahawa wenyewe uliitwa Le Restaurant Français, yaani Mgahawa wa Kifaransa, na ulikuwa na sababu ya kujitangaza hivyo: Nice ilikuwa chini ya mfalme wa Sardinia, yule yule ambaye baada ya muda mfupi angekuwa mfalme wa Italia nzima. Kijana huyo alivuka mpaka kwenda kujifunza upishi wa kwao. Mwaka uliofuata, 1860, Nice ikakabidhiwa kwa Ufaransa, na Menton ikafuata mwaka 1861 baada ya mtawala wa Monaco kuiuza. Giuseppe Garibaldi, shujaa wa muungano wa Italia, alikuwa mzaliwa wa Nice, na mpaka anakufa hakuwahi kuwasamehe walioutoa mji wake.

Ramani zilibadilika, vyungu havikubadilika. Hadi leo Nice wanauza barabarani chapati ya unga wa dengu na mafuta ya zeituni, wakiiita socca. Ukivuka hadi Genoa unakuta ile ile ikiitwa farinata. Ravioli zinapikwa pande zote mbili. Ni kama Wadigo wa Lunga Lunga na wa Horohoro, ambao serikali mbili ziliwatenganisha bila kuwatenganishia mchuzi.

Wapo wanaosimulia kwamba Waitalia ndio waliowafundisha Wafaransa kupika, kwamba Catherine de' Medici wa Florence alipokwenda kuolewa na mwana wa mfalme wa Ufaransa mwaka 1533 aliandamana na jeshi la wapishi. Ni hadithi tamu, lakini wanahistoria hawaikubali. Bibi harusi huyo alikuwa na miaka 14 tu, na upishi wa Ufaransa haukubadilika kwa kiasi hicho katika uhai wake. Majirani hawa wamekuwa wakiazimana siku zote, kidogo kidogo, kwa njia ya soko, ndoa na vibarua.

Mpaka huo huo una sura nyingine, hatua chache kutoka meza za Mirazur. Mwaka 2015 Ufaransa ilirudisha ukaguzi, na wahamiaji waliozuiwa, wengi wao kutoka Sudan na Eritrea, wakalala kwenye miamba ya ufukweni kwa wiki kadhaa wakisubiri. Kamba wa Sanremo huvuka bila kuulizwa karatasi.

Mikono ya Wafaransa

Mgahawa kama tunaoujua, wenye meza ya peke yako, orodha ya vyakula na bei iliyoandikwa, ulizaliwa Paris katika nusu ya pili ya karne ya 18. Kabla yake msafiri alikula katika nyumba za wageni, meza moja na kila mtu, chakula alichokuta, saa aliyopangiwa. Antoine Beauvilliers, aliyewahi kupika katika jamaa ya kifalme, alifungua mgahawa wa fahari miaka ya 1780: wahudumu nadhifu, vyombo vizuri, mvinyo wa kuchagua. Mapinduzi ya mwaka 1789 yaliikuta biashara hiyo imekwisha kuanza, lakini yaliipa nguvu, maana wapishi wengi wa mabwana walibaki bila mabwana, na wabunge waliomiminika Paris kutoka mikoani walihitaji mahali pa kula.

Hata hivyo jikoni palikuwa vurugu. Kila mpishi alishughulika na chakula chake mwanzo hadi mwisho. Joto, moshi, matusi na ulevi vilikuwa sehemu ya kazi. Escoffier alilibadilisha hilo. Alikuwa ametumika kama mpishi wa jeshi katika vita vya Ufaransa na Prussia mwaka 1870, na mpangilio wa jeshi aliuleta jikoni. Yupo mkuu wa jiko, msaidizi wake, na chini yao wakuu wa vitengo: wa sosi, wa samaki, wa nyama za kuchoma, wa vyakula baridi, wa keki na mikate. Mwisho wa safu wapo waosha vyombo, ambao pasipo wao hakuna kinachokwenda. Sahani moja hupita mikono mingi na kukutana na mkuu dakika ya mwisho, pale dirishani pa kutolea chakula. Alipokwenda London mwaka 1890 kuendesha jiko la hoteli ya Savoy pamoja na mwendesha hoteli César Ritz, mfumo huo ulienea, na leo kila hoteli kubwa ya Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar inauendesha, hata kama mpishi wake hajawahi kulisikia jina la Escoffier. Kitabu chake cha mwaka 1903, Le Guide Culinaire, chenye mapishi zaidi ya 5,000, bado kinafunguliwa vyuoni.

Kazi ya mikono hiyo inaonekana vizuri zaidi katika sosi. Chukua sosi ya kahawia inayozunguka kipande cha nyama katika sahani kubwa nyeupe, vijiko viwili tu. Ilianza kwa mifupa ya ndama iliyochomwa ovenini hadi ikawa ya rangi ya kahawa. Ikatiwa karoti, giligilani ya Kizungu, kitunguu kilichochomekwa karafuu, ikachemka polepole karibu siku nzima huku mtu akiengua povu. Ikachujwa, ikapunguzwa motoni hadi sufuria ya lita nyingi ikabaki chombo kidogo, ikachujwa tena, ndipo ikamaliziwa kwa siagi. Mlaji anaimaliza kwa kipande cha mkate katika nusu dakika. Karafuu yenyewe, Mzanzibari anajua, huchumwa kikonyo kwa kikonyo na mtu aliyepanda juu ya mti. Mikono mingine hiyo, isiyoandikwa katika orodha ya mgahawa.

Ukumbini nako kuna mikono. Desturi ya zamani ya Kifaransa ilikuwa kupanga sahani zote mezani kwa wakati mmoja, kama karamu ya arusi, kila mtu akajipakulia kilicho karibu. Katika karne ya 19 ikaja desturi iliyotoka Urusi, ya kuleta chakula kimoja baada ya kingine kikiwa cha moto. Hii ndiyo iliyoshinda, na ndiyo inayodai wahudumu wengi: lazima sahani za meza nzima zitue kwa pamoja, na lazima mtu ajue nani yuko nusu ya samaki wake na nani amemaliza.

Subira ya Waitalia

Italia haikuwa na Escoffier. Mtu wake mkubwa wa upishi, Pellegrino Artusi, alikuwa mfanyabiashara mstaafu aliyekusanya mapishi ya nyumbani na kuyachapisha kwa fedha zake mwenyewe huko Florence mwaka 1891. Kitabu chake kikaingia katika nyumba za Italia na hakijatoka. Tofauti hiyo ya mwanzo bado inasikika mdomoni: upishi mkubwa wa Kifaransa ulikulia katika majumba na hoteli, wa Kiitalia ulikulia kwa mama jikoni, na kila mkoa una mama yake.

Ndiyo maana mgeni anaweza kukaa katika mgahawa wa bei kali Italia akaletewa tambi zenye vitu vitatu tu, akajiuliza kama ameibiwa. Kazi haikufanyika jikoni. Ilifanyika zamani, mahali pengine. Gurudumu moja la jibini ya Parmigiano Reggiano lina uzito wa karibu kilo 40 na hula zaidi ya lita 500 za maziwa. Halina ruhusa ya kuitwa kwa jina hilo kabla ya kukaa ghalani miezi 12, na wengi huliacha miezi 24, 36 au zaidi. Mkaguzi huligonga kwa nyundo ndogo akisikiliza mlio, maana ufa wa ndani hauonekani kwa macho. Mali hiyo ni ya kuaminika kiasi kwamba benki ya Credem ya mkoa wa Emilia-Romagna hupokea magurudumu kama dhamana ya mkopo na kuyatunza katika maghala yake hadi mtengeneza jibini alipe.

Siki ya jadi ya Modena ina subira zaidi. Maji ya zabibu huchemshwa, kisha huwekwa katika mapipa ya miti tofauti, kila pipa dogo kuliko la kabla yake, darini ambako joto la kiangazi na baridi ya kipupwe hufanya kazi bila kulipwa. Kila mwaka pipa dogo huongezewa kutoka lililo kubwa kidogo. Miaka 12 ndiyo ya chini kabisa; ile iitwayo extravecchio hupita 25. Ni mila ya familia za huko kuanzisha safu ya mapipa mtoto wa kike anapozaliwa, awe na cha kwenda nacho siku ya ndoa. Mgahawani hudondoshwa matone machache juu ya jibini au stroberi. Atakayeona matone hayo ni uchoyo hajui kwamba pengine yana umri mkubwa kuliko mhudumu aliyeyaleta.

Kuna upande mwingine wa sifa hii. Kwa miaka mingi heshima ya malighafi iliwafanya Waitalia wasithubutu kugusa chochote, na Wafaransa wakawacheka kwamba wana vyakula lakini hawana upishi. Gualtiero Marchesi wa Milan ndiye aliyejibu. Alikwenda Ufaransa kujifunza kwa wapishi ndugu wa ukoo wa Troisgros mjini Roanne, akarudi, na katikati ya miaka ya 1980 mgahawa wake ukawa wa kwanza Italia kupewa nyota tatu. Sahani yake maarufu ni wali wa zafarani wa Milan uliofunikwa kwa jani la dhahabu: chakula cha kila siku cha mji wake, kimevishwa nguo ya ikulu.

Baada yake akaja Massimo Bottura, aliyefungua Osteria Francescana mjini Modena mwaka 1995. Sahani yake moja inabeba hoja yote ya Italia. Ni jibini ile ile ya Parmigiano katika rika tano, kila rika limepikwa kwa namna yake: moja laini kama krimu, nyingine povu, nyingine kikaukau, nyingine karibu hewa tupu. Hakuna nyama wala samaki. Kinacholiwa pale ni muda wenyewe. Lakini kuifanya jibini iwe povu au hewa kunahitaji ufundi wa jiko la Kifaransa, na Bottura aliupata mahali panapojulikana: kabla ya kufungua Francescana alifanya kazi Monaco, katika jiko la Alain Ducasse.

Walipokutana

Monaco iko katikati ya Nice na Menton, na katika Hôtel de Paris ya pale ndiko uliko mgahawa wa Le Louis XV. Ducasse, Mfaransa wa kusini magharibi, alikabidhiwa mwaka 1987 kwa sharti la kupata nyota tatu ndani ya miaka minne. Alizipata mwaka 1990, na ukawa mgahawa wa kwanza wa hoteli kufikia daraja hilo. Ukumbi wake una dhahabu, vioo na sanamu za kutosha kumtia mtu hofu ya kukohoa, na hata mkoba wa mwanamke huletewa kigoda chake usikae sakafuni.

Ajabu ni kilichomo sahanini. Mpishi mwingine katika ukumbi kama huo angekimbilia ini la bata na kamba mti. Ducasse alijenga jina kwa mboga za mashamba ya jirani zilizopikwa na mafuta ya zeituni na truffle nyeusi, ule uyoga wa thamani uotao chini ya udongo. Akaweka risoto, wali wa Kiitalia, na samaki wa pwani ile. Siagi na krimu, nguzo za jiko la Paris, zikarudi nyuma. Watu wa Nice na Genoa walikuwa wakila hivyo tangu zamani. Yeye alilileta jiko la Escoffier lihudumie chakula cha mtu wa pwani.

Njia hiyo inapitwa pande zote. Annie Féolde, mzaliwa wa Nice, alihamia Florence na kuwa mpishi wa Enoteca Pinchiorri. Mwaka 1993 akawa mwanamke wa kwanza nchini Italia kupewa nyota tatu. Mwaka 1859 Escoffier alivuka kwenda Nice. Karne na zaidi baadaye watu wa Nice walivuka kwenda kuwapikia Waitalia, na Waitalia wakaja Monaco kujifunza. Atakayekuambia kwamba vyakula vya Wafaransa na Waitalia ni dunia mbili, mwonyeshe ukanda huu wa pwani.

Ukiketi

Siku hizi msomaji anaweza kukaa katika meza ya aina hii bila kufika Monaco. Ipo Johannesburg, Dubai na Doha, na namna zake za kawaida zipo Nairobi, Dar es Salaam na Malindi, mji ambao Waitalia walianza kuuzoea tangu mradi wao wa roketi wa San Marco miaka ya 1960. Mambo machache yanasaidia kuondoa woga.

Kwanza, elewa mpangilio. Kwa Wafaransa huanza vionjo vya mdomo mmoja ambavyo hukuagiza, kisha kitangulizi, samaki, nyama, halafu jibini, ndipo kitindamlo, na mwisho vitamutamu vya kahawa. Jibini huja kabla ya kitamu. Kwa Waitalia kuna kitangulizi, kisha primo, yaani tambi au risoto, kisha secondo, yaani nyama au samaki. Tambi si chakula kikuu na haziletwi pamoja na nyama. Aliyezoea sahani moja ya wali, mchuzi na mchicha atashangaa kuona nyama imekuja peke yake. Mboga huagizwa kando. Hakuna anayekulazimisha kumaliza ngazi zote. Risoto nayo ikichelewa usikasirike, maana mchele wake hupikwa hapo hapo kwa karibu dakika 20 na haukubali kuandaliwa mapema.

Vijiko na uma vikiwa vingi, anza na vya nje uingie ndani. Ukimaliza, weka kisu na uma pamoja juu ya sahani, mhudumu ataelewa. Nyumba chache za kale za Kifaransa bado zina desturi ya kumpa mwalikaji pekee orodha yenye bei, na wageni wake orodha isiyo na bei. Ukipewa hiyo, usiombe nyingine. Mwenyeji wako ameamua.

Mtaalamu wa mvinyo akimimina kidogo akusubiri uonje, hakuulizi kama umependa. Anakupa nafasi ya kusema kama mvinyo umeharibika. Na kama hunywi pombe, sema tu. Migahawa mikubwa sasa ina mpangilio wa juisi na chai za majani wa kwenda na kila sahani, na hakuna anayekunja uso. Kwa Mwislamu tahadhari kubwa iko jikoni kuliko glasini. Sosi nyingi za Kifaransa hutiwa mvinyo, risoto huanza kwa mvinyo mweupe, keki iitwayo baba huloweshwa ramu, tambi za Roma kama carbonara zina nyama ya nguruwe, na kitindamlo cha krimu kiitwacho panna cotta hugandishwa kwa jelatini ambayo mara nyingi ni ya nguruwe. Mambo haya yaseme siku ya kuweka nafasi, si ukiwa umeshika uma. Jiko lenye watu wa kutosha litakupikia bila matata. Hilo ni sehemu ya unacholipia.

Kuhusu hesabu: Ufaransa sheria inataka bei iliyoandikwa iwe na huduma na kodi ndani yake, kwa hiyo bakshishi ni hiari yako. Maji ya bomba kwenye jagi na mkate ni haki ya anayekula, hata mahali pa fahari, ingawa watakuuliza kwanza maji ya chupa. Italia utaona coperto, yuro chache kwa kila kichwa kwa ajili ya kitambaa, vyombo na mkate. Nyumba nyingi hutoa mlo wa mchana kwa bei ya chini sana kuliko usiku, jiko lile lile na wapishi wale wale. Mwenye kuhesabu fedha zake aende mchana.

Gharama ya nyota

Nyota zilianzishwa na watengeneza matairi. Ndugu André na Édouard Michelin walitoa kitabu chao mwaka 1900 ili wenye magari wachache wa wakati ule wasafiri zaidi na kumaliza matairi. Nyota ya kwanza ilitolewa mwaka 1926, daraja tatu zikaja mwaka 1931, na maana yake ikabaki ya safari: nyota mbili, inafaa kupinda njia, tatu, inafaa kufunga safari kwa ajili yake tu.

Kwa mpishi, nyota ya tatu hujaza meza kwa mwaka mzima, na kuipoteza huziacha tupu. Mpishi Bernard Loiseau wa Burgundy alijiua Februari 2003, wakati magazeti yakiandika kwamba huenda angeshushwa. Kitabu kingine, Gault Millau, kilikuwa kimekwisha kumpunguzia alama. Colagreco kijana alikuwa katika jiko lake wakati ule. Mwaka 2008 Marchesi, akiwa mzee, alitangaza kwamba hataki tena kupimwa na Michelin. Mlaji anayelalamika kwamba saladi imechelewa dakika kumi akumbuke kwamba mfumo huu unawaumiza pia wanaoushinda.

Mwaka 2015, wakati wa maonyesho ya Expo mjini Milan, Bottura aliwaita wapishi wakubwa zaidi ya 60 katika ukumbi wa zamani wa maonyesho ya tamthilia uliogeuzwa kuwa jiko la watu wasio na kitu. Ducasse alikuwa miongoni mwao. Walipewa masalia ya maonyesho: mkate mkavu, ndizi zilizoiva kupita kiasi, mboga zilizonyauka. Wakapika. Ukumbi huo, Refettorio Ambrosiano, uliendelea kuhudumia baada ya Expo kwisha, na mwaka 2018 mwingine ukafunguliwa Paris chini ya kanisa la Madeleine. Wanaokula pale wanahudumiwa mezani, sahani moja baada ya nyingine, bila kulipa.

Jambo hilo linasaidia kuigawanya ile bei ya mwanzo. Sehemu moja ni dhahabu ya ukutani, mandhari ya bahari na kigoda cha mkoba. Hiyo ni anasa, na mwenye nayo ale. Sehemu nyingine ni ufundi wa mikono na kujua thamani ya kitu kilichosubiriwa, na hiyo inafanya kazi hata juu ya mkate mkavu. Kwa hiyo ukipata siku moja nafasi ya kukaa katika meza kama hii, umealikwa au umejikusanyia mwenyewe, usiupime mgahawa kwa kamba mti wala kwa truffle. Vitu hivyo mtu yeyote mwenye fedha anaweza kuvinunua asubuhi sokoni. Agiza mboga, agiza supu, na mkate ukiletwa ule. Zikiwa za kawaida, basi umelipia ukumbi.